Aprili ya Mafuriko na Aprili ya Maua: Nyimbo za Watoto za Majira, Ndundu na Japani

1. Utangulizi

Mwezi Aprili mwaka 1998, juma lililofuata Sikukuu ya Pasaka, mwandishi wa makala haya alikwama Ndundu kwa siku tatu. Nilikuwa kijana nikirejea shuleni mkoani Lindi, na siku zile Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko. Mvua za El Nino zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1997 zilikuwa zimeujaza mto mpaka maji yakatanda pande zote mbili, na magari yaliyokuwa yakielekea Lindi na Mtwara yalipanga foleni ndefu kuliko nilivyopata kuona. Jioni ya siku ya pili, tukiwa tumekata tamaa ya kuvuka, nilisikia sauti za watoto kutoka kwenye mashamba ya mwinuko, ambako mpunga wa mapema ulikuwa umeanza kutoa masuke. Walikuwa juu ya madungu wakiamia ndege. Mtoto wa dungu moja alianza, wa dungu la pili akapokea, wa tatu akaitikia kwa mbali, na wimbo ukatembea shamba kwa shamba hata giza lilipoingia. Bibi mmoja aliyetuuzia mihogo aliniambia kwamba nyimbo hizo zina wakati wake. Mtu akiziimba kiangazi atachekwa.

Sikulitafakari sana neno lile. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mchungaji, nilimwalika kila mtoto wa shule ya Jumapili katika mtaa mmoja wa ukanda ule atoe wimbo wake mbele ya usharika. Binti mmoja wa miaka minane au tisa alisimama na kuanza wimbo wa kuamia ndege. Nilimkatiza. Nilimwambia kwamba hapa tunaimba nyimbo za Mungu, na za shambani tunaziacha shambani. Akakaa, na kwa muda wote niliohudumu pale hakusimama tena kuimba. Mtoto aliyemfuata aliimba wimbo wa kutafsiriwa juu ya theluji inayoyeyuka na maua yanayochanua, nami nikampongeza. Hakuna hata mmoja kati yetu mle kanisani aliyepata kuiona theluji.

Makala haya yamezaliwa na kosa hilo. Yanakusudia kuuliza swali moja la kihistoria lenye uzito wa kichungaji: tunapowafundisha watoto wetu kuimba juu ya majira, tunawafundisha majira ya nani? Ili kulijibu tutaanza na kalenda ya Mto Rufiji, kisha tutavuka bahari kwenda Japani, taifa ambalo tangu mwaka 1879 lilifanya kazi ya makusudi ya kuwatungia watoto nyimbo za majira, likapata mafanikio na kupatwa na hasara. Baada ya hapo tutarudi kwa Luther, na hatimaye kwa Kanisa letu wenyewe.

2. Kalenda ya mto

Mto Rufiji hukusanya maji ya bonde lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 177,000. Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu huleta maji ya nyanda za juu, na delta yake ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko. Mtu anayeishi bondeni haihesabu miaka kwa mvua inayomnyeshea yeye peke yake, bali pia kwa mvua iliyonyesha mbali, Iringa, Mbeya na Morogoro, ambayo maji yake humfikia baadaye. Kwa kawaida mto hufikia kilele chake katika masika, yaani kati ya Machi na Mei, na mara nyingi mwezi Aprili.

Kwa msafiri mafuriko hayo ni kero. Kwa mkulima wa Kirufiji na Kindengereko yamekuwa, kwa karne nyingi, baraka yenye hatari ndani yake. Mpunga hupandwa kabla ya maji kupanda, nao hukua pamoja nayo. Maji yanaposhuka huacha udongo mpya wenye rutuba, na hapo hupandwa mazao ya mlau, kama vile mahindi na kunde, yanayoota kwa unyevu uliobaki ardhini bila kungoja mvua nyingine. Maji hayo hayo huyajaza maziwa ya pembeni mwa mto na kuwaingiza samaki. Mwaka usio na mafuriko huleta njaa. Mwaka wa mafuriko yaliyopita kiasi nao huleta njaa. Kati ya hofu hizo mbili ndipo watu wa bondeni walipojifunza kuishi.

Watoto walikuwa na nafasi yao katika kalenda hiyo. Mpunga unapoanza kushika punje, ndege huja kwa makundi, na familia huhamia mashambani na kuishi katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, salama kutoka kwa maji na nguruwe mwitu. Mtu mzima hulima, huvua na hupika, lakini kazi ya kuamia ndege tangu alfajiri hadi jioni huwaangukia zaidi wanawake na watoto. Silaha zao ni kombeo, makopo yaliyofungwa kwenye kamba, na sauti. Nyimbo tunazozizungumzia zilizaliwa katika kazi hiyo.

3. Nyimbo za dungu

Sikusudii kuzinukuu nyimbo hizo hapa, kwa kuwa ni mali ya wenyewe na hubadilika kila zinapoimbwa. Nitaeleza tu yale niliyoyasikia na kuyaona.

Kwanza, nyimbo hizo humtaja ndege kwa jina na kusema naye kama jirani mkorofi: humwonya, humdhihaki, humwomba aende kwingine. Pili, huimbwa kwa kupokezana. Mtoto aliye peke yake juu ya dungu huogopa, hasa jua linapozama. Wimbo unaojibiwa kutoka dungu la pili humhakikishia kwamba hayuko peke yake, na humjulisha mzazi aliye mbali kwamba mtoto yu salama na yu macho. Wimbo ukikatika, mtu huenda kutazama. Tatu, mtoto ndiye mtungaji. Hakuna mwalimu aliyezifundisha, na jina la mtu wa kijijini, kioja cha jana au aina mpya ya gari iliyoonekana barabarani huweza kuingia katika wimbo leo na kutoka kesho. Nne, nyimbo hizo hazina dini ya kutengwa. Rufiji na Kibiti ni nchi ya Waislamu wengi na Wakristo wachache, lakini ndege hawaulizi shamba ni la nani, na watoto wa nyumba zote mbili huitikiana.

Historia iliyoandikwa haikujali mambo hayo. Msomaji akitafuta habari za delta katika vitabu atasoma juu ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905 mwanzoni mwa Vita vya Maji Maji. Atasoma pia juu ya manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika mikono ya mto na kuangamia mwezi Julai 1915. Ni sawa habari hizo kuandikwa. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya vita palikuwa na watoto juu ya madungu, na hakuna aliyewasikiliza akiwa na kalamu mkononi.

Maisha ya dungu yenyewe yalianza kubadilika baada ya Uhuru. Kufuatia mafuriko ya mwaka 1968 Serikali iliendesha Operesheni Rufiji, na watu wengi wakahamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vya nchi ya juu, karibu na shule na zahanati. Watu walipata huduma, na hilo lisidharauliwe. Lakini shamba lilibaki bondeni, mbali na nyumba, na mtoto alijikuta kati ya wito wa kengele ya shule na wito wa shamba la mzazi wake. Shule ilikuwa na nyimbo zake, na zile za dungu hazikuwemo.

4. Aprili nyingine: Japani

Msomaji ataniuliza Japani inaingiaje hapa. Iliingia kwa njia ya rafiki. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilikaa jirani na mchungaji mmoja kutoka nchi hiyo. Asubuhi moja ya Aprili nilimsikia akiimba wimbo wa watoto ambao tuni yake niliijua tangu utotoni. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alitufundisha tuni hiyo kwa maneno mengine kabisa. Nilipomwuliza alinieleza kwamba ni wimbo wa kipepeo, nao huimbwa majira ya kuchipua. Nilianza kuufuatilia, na safari ya tuni hiyo ikanifunza mengi.

Kwanza tuseme neno juu ya majira yenyewe. Lugha yetu haina jina moja la kipindi ambacho Wajapani hukiita haru. Wengine husema majira ya kuchipua, wengine machipuo, wengine huazima masika. Ni miezi ya Machi, Aprili na Mei, ile ile ya masika yetu. Theluji huyeyuka, miti ya sakura huchanua, na mwezi Aprili watoto wa Japani huanza mwaka wa shule. Wakati mtoto wa Ndundu yumo mtumbwini, mtoto wa Tokyo yuko chini ya maua na begi jipya mgongoni.

Japani ilipoweka sheria ya elimu ya mwaka 1872, somo la uimbaji liliorodheshwa, lakini ilikubalika kwamba kwa wakati ule lisifundishwe, kwa kuwa hapakuwa na walimu wala nyimbo. Mwaka 1875 kijana Isawa Shūji alipelekwa kusoma ualimu huko Bridgewater, Massachusetts, nchini Marekani. Alifaulu masomo yake, lakini uimbaji ulimshinda. Sauti za ngazi ya Kizungu hazikumkaa kooni. Mkuu wa chuo alitaka kumsamehe somo hilo kwa huruma. Isawa alikataa, akajifunza kwa mwalimu wa muziki wa Boston aliyeitwa Luther Whiting Mason. Aliporudi nyumbani aliishauri Serikali, na mwaka 1879 ikaundwa ofisi ya kuchunguza muziki chini ya uongozi wake. Mason alialikwa, akafanya kazi Japani tangu 1880 hadi 1882. Lengo walilolitangaza lilikuwa kuunganisha muziki wa Mashariki na wa Magharibi ili kupata muziki mpya wa taifa.

Matunda ya kwanza yalikuwa vitabu vitatu vya nyimbo za shule za msingi vilivyotolewa kati ya 1881 na 1884. Katika cha kwanza umo wimbo wa kipepeo, Chōchō. Tuni yake ni ya Kijerumani. Huko Ujerumani iliimbwa kwa maneno ya kuusifu mwezi Mei, na pia kwa maneno ya mtoto mdogo anayeondoka nyumbani, Hänschen klein. Ilivuka kwenda Marekani, na kwa mkono wa Mason ikafika Japani. Lakini watu wa ofisi ya Isawa hawakuyatafsiri maneno ya Kijerumani. Walichukua maneno ya wimbo ambao watoto wa mkoa wa Aichi walikuwa wakiuimba tayari, yakatengenezwa upya na mtaalamu wa fasihi Nomura Akitari, yakavishwa ile tuni. Hivyo tuni ilikuwa ya mgeni, lakini kipepeo alikuwa wa nyumbani.

Hapa pana mafanikio na pana hasara. Mafanikio ni kwamba mtoto aliimba juu ya kitu alichokiona kwa macho yake. Hasara ni kwamba Nomura aliingiza katika wimbo wa kipepeo sifa za utawala wa mfalme unaostawi, na wimbo wa kuchezea ukawa somo la utii. Njia hiyo ilipanuka. Kufikia miaka ya vita, nyimbo za shule zilitumika kuwatayarisha watoto kwa ajili ya jeshi. Mwaka 1947, baada ya kushindwa vitani, maneno yale ya utawala yaliondolewa, na kipepeo akaachwa aruke kutoka ua hadi ua tu.

Wapo waliotambua hatari hiyo mapema. Mwaka 1918 mwandishi Suzuki Miekichi alianzisha jarida la watoto lililoitwa Akai Tori, yaani Ndege Mwekundu, akiwaalika washairi wakubwa waandike kwa ajili ya watoto bila amri ya wizara. Mmoja wao, Kitahara Hakushū, alishikilia kwamba nyimbo mpya za watoto lazima ziote katika zile ambazo watoto wenyewe wamezirithi na kuziimba michezoni, ambazo Wajapani huziita warabe uta. Hakushū alijishughulisha pia na kuzikusanya nyimbo hizo. Nyimbo zetu za dungu ni za ukoo huo.

Mfano mmoja zaidi utatufaa mbele. Mwaka 1912 Wizara ya Elimu ilitoa wimbo uitwao Haru no Ogawa, yaani kijito cha majira ya kuchipua. Vitabu vya wizara havikutaja majina ya watungaji, lakini baadaye ulitambuliwa kuwa kazi ya Takano Tatsuyuki kwa maneno na Okano Teiichi kwa tuni. Huyu Okano alikuwa Mkristo, na kwa miaka mingi alipiga kinanda katika kanisa la Hongō mjini Tokyo. Kijito kinachosemwa kuwa ndicho kilichomvutia Takano kilipita karibu na Shibuya. Mji ulipokua, na hasa wakati wa maandalizi ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1964, kilifunikwa kwa saruji. Leo watoto wa Japani bado wanakiimba kijito kinachopita chini ya barabara.

5. Luther na wimbo wa watoto

Mwanafunzi wa theolojia asidhani kwamba mambo haya ni ya wapagani tu. Yamo katika nyumba yetu wenyewe. Luther alipotaka kuwaandikia watoto wake wimbo wa Krismasi, Vom Himmel hoch, hakutafuta tuni ya madhabahuni. Ulipochapishwa mwaka 1535 ulitumia tuni ya wimbo wa mtaani wa mchezo wa vitendawili; ile tuni tunayoijua leo ilikuja mwaka 1539. Luther alitambua kwamba mtoto huifuata sauti anayoijua, na kwamba Habari Njema haidhaliliki kwa kupanda juu ya mdundo wa mchezo. Aliyejifanya mtoto mchanga horini hakuona haya kuimbwa kwa tuni ya watoto.

Lakini ukweli wa historia unatudai tuseme na upande wa pili. Katika Ujerumani ya wakati ule ilikuwapo desturi ya watoto, Jumapili ya nne ya Kwaresima, kuchukua sanamu ya nyasi inayowakilisha Mauti au majira ya baridi, kuitoa nje ya kijiji wakiimba, na kuitupa majini au kuichoma, ili majira ya kuchipua yaingie. Ulikuwa wimbo wa watoto wa majira hasa. Katika miaka ya 1540 ulichapishwa Wittenberg ukiwa umebadilishwa, nao unahusishwa na jina la Luther mwenyewe: sasa watoto hawakuifukuza Mauti tena, bali walimfukuza Papa. Tunaelewa joto la mabishano ya siku zile. Hata hivyo ni lazima tukiri kwamba wakubwa waliuchukua wimbo wa watoto na kuutia vita vyao, kama vile wizara ya Japani ilivyofanya baadaye.

Kwa hiyo tunazo njia mbili ndani ya urithi wetu. Moja humwendea mtoto pale alipo na kumletea Kristo kwa sauti anayoijua. Nyingine humnyang'anya mtoto wimbo wake ili kumtumikisha. Mimi mtaani kwangu nilipata njia ya tatu, iliyo rahisi kuliko zote: nilimnyamazisha.

6. Kanisa letu na majira yake

Pasaka huangukia Jumapili baada ya mwezi mpevu wa majira, kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Kwa nchi za kaskazini huo ni wakati ambapo ardhi iliyokufa kwa baridi inafufuka, na watunzi wao waliona mfano ulio tayari mbele ya macho yao. Nyimbo nyingi za Pasaka za Ulaya huufananisha ufufuo na kuchipua kwa majani, na zilipotafsiriwa kwa Kiswahili zilikuja na mfano huo.

Kwetu pwani Pasaka daima huja ndani ya masika. Ardhi yetu wakati huo haiamki kutoka kwenye baridi. Imefunikwa na maji. Je, maji hayo hayana la kusema juu ya Kristo aliyefufuka? Mwenyeji wa Rufiji anajua kwamba mbegu hukaa chini ya maji yanayotisha, na maji yaliyolizamisha shamba ndiyo yanayoliacha na rutuba ya mlau. Paulo anaposema katika Warumi 6 kwamba tumezikwa pamoja na Kristo kwa njia ya ubatizo, msikilizaji wa bondeni anahitaji maelezo machache kuliko msikilizaji wa Wittenberg.

Watangulizi wetu wa tafsiri walituonyesha mfano. Katika Mwanzo 8:22, mahali ambapo Mungu anaahidi baada ya gharika kwamba majira hayatakoma, watafsiri wa Union Version iliyotolewa mwaka 1952 hawakuhangaika kutafuta maneno ya majira ya Ulaya. Walitumia kaskazi na kusi, pepo ambazo kila nahodha wa pwani anazijua. Ahadi ya Mungu ikapata jina la upepo wetu. Tusisahau pia kwamba ahadi hiyo ilitolewa kwa watu waliokuwa wametoka katika mafuriko.

Katika uimbaji nako hatukuanza leo. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri, alilalamika kwamba elimu ya kikoloni ilitufundisha ngoma za wageni na kutufanya tuzionee aibu zetu. Pale Makumira, mmisionari na mwalimu Howard Olson aliwahimiza wanafunzi wake kuleta tuni za makabila yao na kuziandikia maneno ya Kikristo. Mwaka 1966 mwanafunzi Bernard Kyamanywa kutoka Buhaya aliandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, ambao umetafsiriwa na kuimbwa na makanisa mengi ya ulimwengu. Kanisa letu lililokuwa likipokea nyimbo sasa lilikuwa likizitoa.

Lakini kazi hiyo kubwa ilifanywa na watu wazima kwa ajili ya usharika wa watu wazima. Tulikusanya tuni za arusi, za mavuno na za vita, na ni haki tuwashukuru walioifanya. Wimbo wa mtoto aliye peke yake juu ya dungu haukuonekana kuwa muziki. Ulionekana kuwa kelele za kufukuzia ndege.

7. Mto uliobadilika

Kuna sababu ya kuharakisha. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970 hivi, lilifunguliwa mwaka 2003, na tangu hapo msafiri hupita Ndundu kwa dakika chache bila kushuka garini. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Wagonjwa na wanafunzi wengi wameokolewa na daraja lile. Ila msafiri wa leo hawezi kusikia nilichokisikia mimi.

Badiliko kubwa zaidi liko juu mtoni. Ujazaji wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza mwezi Desemba 2022, na mwezi Februari 2024 umeme wa kwanza ukaingia katika gridi ya Taifa. Uwezo wake kamili ni megawati 2,115. Nchi inahitaji umeme huo. Lakini mto uliozuiliwa hauji kwa saa yake ya zamani. Mwezi Aprili mwaka 2024 mafuriko makubwa yalizikumba Rufiji na Kibiti, mashamba na nyumba vikazama, na maelfu ya watu wakahitaji msaada. Mjadala juu ya mvua za El Nino na maji yaliyofunguliwa kutoka bwawani ulikuwa mkali. Makala haya si mahali pa kuuamua. Linalotuhusu ni kwamba kalenda ambayo mababu waliisoma kwa mto sasa inasomwa pia kwa milango ya bwawa, na nyimbo zilizofungamana na kalenda ile ziko hatarini pamoja nayo.

Hapo ndipo kile kijito cha Tokyo kinapotufundisha. Wajapani walikifunika kijito, lakini walikuwa wameshauandika wimbo, na kwa njia ya wimbo mtoto wa leo anajua kwamba hapo palikuwa na maji, samaki na maua. Sisi tukiubadilisha mto kabla ya kuuandika wimbo, mjukuu wa yule binti niliyemkatiza hatakuwa na mto wa zamani wala wimbo wake. Mkataa kwao ni mtumwa, wahenga walisema. Lakini mtoto hawezi kulaumiwa kwa kukataa kwao ikiwa ni mchungaji wake aliyemwamuru.

8. Hitimisho

Ni nini basi kifanyike? Mwandishi anapendekeza mambo manne kwa watumishi na wanafunzi.

La kwanza, tusikilize kabla ya kutunga. Mwanafunzi anayepelekwa mazoezini katika ukanda wa Rufiji na aende shambani wakati wa kuamia ndege, akae chini ya dungu, aulize, na aandike kwa ruhusa ya watoto na wazazi wao. Aandike pia majina ya ndege.

La pili, tusiharakishe kuzibatiza nyimbo hizo. Si kila wimbo wa mtoto unahitaji kugeuzwa kuwa pambio. Baadhi zinafaa kuachwa ziwe za shamba, nazo huko shambani ni sifa kwa Muumba aliyempa mtoto sauti na mpunga punje. Kumbukumbu ya Wittenberg na ya Tokyo itufanye tuwe waangalifu.

La tatu, pale tunapotunga, tutunge ndani ya masika. Zaburi ya 65 inamsifu Mungu aijiliaye nchi na kuinywesha, ambaye mto wake umejaa maji. Mhubiri wa Pasaka bondeni hahitaji kuazima theluji.

La nne, tuzilinde nyimbo hizo pamoja na jirani zetu Waislamu, kwa kuwa ni zao kama zilivyo zetu. Wachungaji na masheikh wanaokutana misibani na kwenye ugawaji wa chakula cha mafuriko wanaweza pia kukutana juu ya urithi wa watoto wao.

Siku makuhani wakuu walipochukizwa na watoto waliopaza sauti hekaluni, Bwana wetu hakuwanyamazisha watoto. Aliwauliza makuhani kama hawajasoma Maandiko. Nimelisoma neno hilo mara nyingi tangu Jumapili ile. Yule binti sasa ni mtu mzima, na habari nilizozipata ni kwamba analima bondeni na ana watoto. Masika ijayo, Mungu akinijalia, nitakwenda kumwomba radhi, na kama atakubali, nitamwomba aimbe ule wimbo mpaka mwisho.